Kisu Inawekwa Chini

Ubundu, tarehe 3 mwezi ya nane 1960

Eugène, moninga yangu,

Colette, umusomee bwana yako pole-pole. Ukisoma mbio anasema ameelewa, kumbe hajaelewa kitu.

Sikia! Patron ya atelier, ile karakana ya train, amekwenda. Bazungu yote ya hapa banakimbia kama kuku yenye imeona mwewe, moja ameacha hata viatu yake mbele ya mulango. Patron aliniita, akasema, "Alfani, weye uko débrouillard, unajua kujitafutia," akanipa kanifu yake. Kanifu, Eugène! Kisu ya kukunja, mupini nyekundu, inaingia mu poche kama sanduku ya kiberiti. Na ndani kuko vitu kenda. Nilihesabu mara tatu. Kisu kubwa, kisu kidogo, mukasi, musumeno, tournevis ya kukaza skrubu, ya kufungua kopo, ya kufungua bia, sindano ya kutoboa ngozi, na ingine imejikunja-kunja kama mukia ya nguruwe. Hiyo ya mwisho sijajua kazi yake. Usimuambie papa nilisema nguruwe.

Donc inchi imepata indépendance, na miye nimepata kanifu!

Sasa fikiria papa yangu pale Lubunga. Anatwanga chuma tangu mbele nizaliwe, na anafanya kisu ya namna moja. Moja tu! Anakata ressort ya camion, ile springi ya chini, anaipiga moto, anaweka mupini ya muti, kwisha. Iko na kazi ngapi? Kukata. Ni kisu ya bababu. Ndiyo maana nilikimbia mivukuto yake, nikakuya huku kujifunza moteur peke yangu mu kitabu yenye kurasa zimeshikana na graisse ya mashini. Nani anataka kuvuta mivukuto mu inchi ya uhuru?

Toa kisu yake, hiyo kipande ya ressort unafunga ku mukono yako, weye mutu ya Wagenia. Nyakati zimegeuka.

Ni miye,
Alfani, mécanicien (karibu)

*

Wagenia, tarehe 21 mwezi ya nane 1960

Alfani,

Colette anaandika, miye nasema.

Vitu kenda. Bon. Na weye uko na mikono ngapi? Miye niko na mbili. Nikisimama juu ya miti pale mayi inapiga, mukono moja inashika muti. Inabaki moja. Muguu ikikamatwa mu kamba ya pori, ile tunafungia vikapo ya samaki, mayi hainingojei. Navuta kisu ya papa yako, nimeifunga na kamba hapa juu ya kiwiko, nakata, naishi. Kanifu yako inafunguliwa na mikono ngapi? Uniandikie.

(Miye Colette: amecheka peke yake dakika tano hapa.)

Tena usitukane papa Lukumani. Unakumbuka siku nilikuja kutafuta yangu? Ulikuwa pale, unavuta mivukuto na mudomo imevimba ya kasirani. Papa yako hakunipa ku mukono. Aliiweka chini, akageuza uso, akaanza kuosha mikono. Nikauliza, "Papa, nikamate?" Akasema, "Miye ninafua. Kubeba ni kazi ya mwenye kubeba." Haambii mutu beba. Akikuambia beba, ile kisu ikifanya mubaya, kosa iko juu ya kichwa yake. Sababu ya ile, niliinama nikaiokota miye mwenyewe.

Patron yako alikupa ku mukono?

Eugène
(Colette anakusalimia. Anasema ukule, unaandika kama mutu ya njaa.)

*

Ubundu, tarehe 9 mwezi ya tano 1961

Eugène, villageois, mutu ya kijiji!

Sikuachi. Natuma kanifu na mulinzi ya train, ndani ya mufuko ya muhogo, juu basoda ya njiani bako na mikono mirefu. Ukae nayo mwezi moja. Uende nayo mpaka mu mayi. Kisha useme kweli mbele ya Colette, na yeye aandike kweli.

Ndiyo, patron alinipa ku mukono. Et alors? Hizo ni mambo ya bazee.

Alfani

*

Wagenia, tarehe 30 mwezi ya sita 1961

Alfani,

Nilienda nayo mu mayi. Kamba ikanikamata hapa ku kifundo, mukono moja iko ku muti. Nikatoa kanifu yako. Haifunguki. Nikaifungua na meno.

Jino ikavunjika. Ya mbele.

Donc naandika kweli: kanifu ya vitu kenda imekata kitu moja, jino yangu. Kamba nilikata na kisu ya papa yako. Nairudisha?

Eugène
(Colette: sasa akisema jina yako inatoka na mupepo. Nacheka mpaka tumbo inauma. Usimuambie arudishe. Ile mukasi iko muzuri sana, nakatia uzi.)

*

Ubundu, tarehe 12 mwezi ya saba 1961

Colette, kaa na mukasi. Eugène, kaa na pengo. Miye nitanunua ingine siku nitakuwa chef ya atelier.

Alfani

*

Wagenia, tarehe 16 mwezi ya pili 1964

Alfani, ndugu yangu,

Leo ni mukono yangu miye mwenyewe inaandika hii mustari moja, Colette alinifundisha: TUMEPATA MUTOTO.

(Bon, amechoka, jasho inamutoka kama amebeba pirogue. Sasa ni miye. Ni binti. Jina Émilie. Uchungu ilinianza asubuhi, mayi ilikuwa imejaa, hakuna pirogue ya kutuvusha kwenda maternité kuzalia. Mama mukwe alikuwa na wembe ya kutu. Eugène akapiga kelele, "Hapana ile!" Akachemusha kanifu yako mu sufuria ya lituma ya ndizi, akafungua mukasi na makucha. Kitovu ya Émilie ilikatwa na ile mukasi. Anasema nikuandikie hivi: "Umeshinda. Mara moja tu.")

Papa yako alivuka kuona mutoto. Alikamata kanifu, akaifungua kitu moja-moja, kenda yote, akaifunga. Akasema, "Batu yenye walifanya hii hawaamini mutu atarudi nyumbani." Hatukuelewa. Weye unaelewa?

Eugène na Colette

*

Ubundu, tarehe 8 mwezi ya tatu 1964

NIMESHINDA! Nimesoma barua mbele ya atelier yote. Dominique, commis, karani ya station, mutu ya kalamu mbili mu poche, alilipa bia batu yote, miye Fanta.

Kanifu si yangu tena. Ni ya Émilie. Ataipata siku atajua kuitumia.

Papa ni papa, anasema na mafumbo hata akiomba chumvi.

Alfani

*

Ubundu, tarehe 20 mwezi ya nane 1964

Eugène,

Colette, soma hii mbio, na ukimaliza, choma.

Basimba, bale baasi, bako hapa tangu siku kumi na moja. Na kwenu najua bako. Hapa walipangisha batu ya station mustari. Wanaangalia poche. Mwenye kalamu, kando. Mwenye cravate ku shingo, kando. Dominique alikuwa na kalamu zake mbili na kisu kidogo ya kukunja, hata haikufika nusu ya yetu, ya kuchonga crayon tu. Mukubwa yao akaifungua, akasema, "Hii ni ya banoko, bale Babelgi. Weye uko muntu yao." Dominique akasema, "Ni ya kuchonga crayon." Walicheka. Dominique hayuko tena, Eugène. Sitaandika namna.

Miye niko muzima sababu nilikuwa chini ya wagon, chafu, bila kitu.

Tupa kanifu. Leo. Tupa mu mayi kubwa, pale hata kikapo haifike. Na kisu ya papa, beba. Beba kila siku, ku mukono, waione. Wanapenda mutu mwenye kubeba kitu ya bababu. Nilikuwa mupumbafu miaka ine, nilicheka ile kisu. Beba, nakuambia!

A.

*

Wagenia, tarehe 6 mwezi ya kenda 1964

Alfani,

Nilitupa.

Barua yako ilifika ku siku yake. Jumanne walitusimamisha pale tunauzia samaki. Kijana moja na ngozi ya nyani ku kichwa, hana hata ndevu, alinikamata shati. Akaona kisu ku mukono. Akauliza, "Nani alifua?" Nikasema, papa Lukumani wa Lubunga. Akaivuta, akaijaribu ku nywele ya mukono yake, akairudisha. "Huyu ni mutoto ya inchi. Pita, papa." Nikapita. Mwenye alikuwa nyuma yangu alikuwa na miwani. Hakupita.

Donc uliniokoa. Nikikuona nitakupiga, kisha nitakukumbatia.

Émilie anatambaa. Anakula kila kitu yenye iko chini, mpaka magamba ya samaki.

Eugène
(Colette: analala na ile kisu sasa. Kamba imemukata ngozi pande zote ya mukono, kama bangili. Namuambia atoe akiwa ndani ya nyumba. Anasema, "Alfani anajua.")

*

Ubundu, tarehe 2 mwezi ya kumi 1964

Ndugu yangu!

Nimeruka, nimelia, nimepiga kichwa ku wagon. Unaona? Unaona! Mutu anaweza kuandika karatasi huku na mutu anaishi kule.

Colette, usimusumbue. Asiitoe. Hata akioga.

Juu ya kanifu, nilisikitika kidogo. Niliota iko chini ya mayi, mukasi inafunguka peke yake. Lakini ni chuma tu. Muzuri imepotea.

Train inapita mara moja-moja sasa, na Basimba hawapendi barua. Nitaandika nikipata mutu.

Alfani

*

Ubundu, tarehe 14 mwezi ya kumi na mbili 1964

Eugène,

Natuma na mutu ya pirogue, sijui kama atafika. Tunasikia mambo. Ndege. Bazungu wameanguka toka juu na kitambaa. Basoda ya serikali wako Kisangani, hapa bado ni Basimba, train imekufa kabisa. Hakuna mutu anajua kitu, kila mutu anasema sana.

Mbona kimya? Nilihesabu, siku sabini na tatu tangu barua yangu.

Uko muzima, najua, juu uko na kisu. Usiiache. Beba.

Andika hata mustari moja, hata ile ya mukono yako yenye inapanda mulima.

Alfani

*

Wagenia, tarehe 17 mwezi ya pili 1965

Semeki Alfani, shemeji yangu,

Ni miye Colette, na hakuna mutu anasema kando yangu.

Barua yako ya mwezi ya kumi na mbili ilifika juzi. Niliisoma na sauti, sababu nimezoea kusoma na sauti. Nilipofika pale uliandika "uko muzima, najua", Émilie alikuwa ananiangalia.

Basoda walifika huku kwetu siku ya ine kisha ndege. Walisema banaume yote watoke. Eugène alikuwa anatoka mu mayi. Nilimukimbilia, nikamuambia, "Toa kisu, nipe, nitaficha mu kitenge." Akasema, "Alfani alisema nisiitoe. Mara ya kwanza alisema kweli." Nikavuta kamba. Akanishika mukono, pole, kama mutu anamushika mutoto. Akaenda kukaa na banaume wengine mu jua.

Walikuwa wanatafuta Basimba. Mukubwa yao akaona kisu. Akauliza vilevile kama yule kijana ya ngozi ya nyani, "Nani alifua?" Eugène akajibu na roho nyeupe, na mupepo inatoka ku pengo, alidhani anajua jibu. Wakakata kamba. Chini ya kamba ngozi ilikuwa na ile alama, pande zote. Wakasema, "Hii ni alama ya dawa yao. Huyu ni Simba." Nilipiga kelele kwamba ni kamba tu, ni mutu ya samaki. Walimupeleka ku mayi na wengine saba.

Siku ya tatu bandugu yake walienda kuangalia vikapo. Alikuwa mu kikapo ya babu yake. Mayi ilikuwa imemurudisha nyumbani. Tumezika vizuri, père ya misioni alikuja. Ile kikapo haijashuka tena mu mayi, iko inakauka juu ya miti.

Papa yako alivuka. Alikaa chini ya paa yetu toka asubuhi mpaka jua imepinduka. Aliniuliza kitu moja tu, "Nani alimuambia abebe?"

Semeki, ni miye nilimusomea barua yako. Ni sauti yangu ilisema beba. Nikamujibu papa, "Hakuna mutu, papa. Ni yeye mwenyewe."

Na uongo ingine, nimechoka nayo. Nilikuandikia kwamba alitupa kanifu. Hakutupa. Alifika mpaka ku mayi, akarudi. Akasema, "Imekata kitovu ya mutoto, na ni kitu ya Alfani. Andika nilitupa, asikose usingizi." Aliizika chini ya jiwe ya jiko. Ile siku ya basoda, ingekuwa mu poche yake pahali pa ile ingine, wangeangalia mukasi na ya kufungua bia, wangecheka, wangeichukua, wangemuacha. Labda. Kila siku nasema labda, nikipika.

Nimeitoa chini ya jiwe. Sikutumii. Haipewi ku mukono tena mu hii nyumba. Nimeiweka chini, mbele ya mulango, kando ya mutungi ya mayi. Kuya uiokote weye mwenyewe.

Colette

*

Lubunga, tarehe 4 mwezi ya ine 1965

Colette,

Niko hapa ngambo, kwa papa. Nilitembea njia ya reli siku sita. Unashangaa karatasi inavuka na miye sivuki.

Nilivuka. Jumapili, batu yote mulikuwa mumetoka misa. Nilisimama nyuma ya nyumba ya jirani yenu. Niliona mutungi. Niliiona, nyekundu, vumbi imeifunika, kuku ilisimama juu yake. Niliona Émilie amekaa, anapiga kifuniko ya sufuria na kijiko. Ana uso ya papa yake. Nilihesabu, hatua kumi na mbili. Nilirudi ku pirogue.

Navuta mivukuto. Papa hajaniuliza kitu. Anasema "vuta", anasema "acha". Ameanza kisu ingine, ya mutu ya Isangi, na nikiona ressort inakuwa nyekundu, naangalia pembeni. Jana alimaliza, akaiweka chini, akageuza uso kuosha mikono. Yule mutu ya Isangi aliniangalia miye, ananingojea niseme kitu. Nilitoka inje.

Nilikuwa na vitu kenda vya kukuandikia, nilivipanga vizuri njiani. Sasa sivioni.

Colette, nakuomba. Usiiache pale. Ikamate, uitupe mu mayi. Fanya hivyo leo. Tupa.

Alfani

*

(nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Unaniambia tena cha kufanya.

Kanifu iko palepale. Émilie ameanza kutembea. Jana alifika mpaka ku mutungi, akainama.

C.